Kwa wewe uliyenusurika: kabla hujashika kipaza sauti

Nakuandikia wewe uliyeshambuliwa kwa ajili ya rangi ya ngozi yako ukabaki hai, na sasa kila anayekuja kukujulia hali anakuambia uwe mtetezi wa wenzako. Huenda uko Masasi, huenda Kilwa au Liwale, huenda umerudi nyumbani kutoka mbali kama nilivyorudi mimi. Nina ualbino. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Newala, na sasa naishi Lindi. Nilikatwa panga nikiwa kazini katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, miaka ile ambayo redio ilikuwa haiishi kututaja. Mkono wangu wa kushoto haukurudi kuwa ulivyokuwa. Usiku wenyewe siusimulii, hapa wala jukwaani. Nimeamua hivyo, na nataka ujue kuwa na wewe unaruhusiwa kuamua hivyo.

Kilichokupata ni chako. Haki zako hazikutokana na kovu. Zilikuwepo kabla ya panga, na unaweza kuzitetea maisha yako yote bila kukunja mkono wa gauni hata mara moja.

Lakini kabla ya utetezi kuna kesi, na hapa ndipo wengi wanapoharibiwa na watu wenye huruma, kwa sababu wenye huruma hufika haraka kuliko mpelelezi. Kama jeraha bado bichi, hospitali kwanza. Ndugu mmoja aende kituoni kuifuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, wakati wewe unatibiwa, maana fomu hiyo ndiyo itakayobeba maneno ya daktari mpaka mahakamani. Nguo ulizokuwa umevaa zisifuliwe, hata kama mama anaona aibu kuziacha zilivyo, wapewe polisi. Namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako pale polisi, iandikwe sehemu mbili, kwenye simu yako na kwenye daftari la mtu unayemwamini. Halafu, ukiwa bado unakumbuka, mtu akuandikie kila kitu: sauti, harufu, lugha waliyoongea, mbwa walibweka au walinyamaza. Mpelelezi mmoja mtu mzima aliniuliza habari za mbwa kabla ya kuniuliza habari za watu. Mbwa wa nyumbani hambwekei anayemjua.

Nasema hili kwa uchungu: mara nyingi njia ya kufika mlangoni kwako imeonyeshwa na mtu anayekufahamu. Mwisho wa Mei 2024 mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na katikati ya Juni mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Baba yake mzazi na padri mmoja walikuwa miongoni mwa watu tisa walioshtakiwa. Kwa hiyo wakija wazee wa ukoo na maneno ya "yaishe, sisi ni damu moja," wasikilize kwa adabu, wape shikamoo yao, na usikubali. Kumkata mtu ni jinai. Mlalamikaji mahakamani ni Jamhuri, wewe ni shahidi, na hakuna baraza la ukoo lenye mamlaka ya kuifunga kesi hiyo kwa mbuzi na radhi. Anayeendesha mashtaka ni wakili wa Serikali na humlipi kitu. Ukihitaji mtu wa kukueleza hatua kwa hatua, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako umuulize wasaidizi wa kisheria walipo. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na msaada wao ni bure.

Kwa nini nasema waandishi wa habari wasubiri? Kwa sababu wakili wa mshtakiwa naye anasoma magazeti. Ukimwambia mwandishi walikuwa watatu, kisha kizimbani ukasema uliowatambua ni wawili, utaulizwa swali hilo mpaka ulie. Na sisi tuna jambo letu la ziada ambalo halizungumzwi vya kutosha: macho yetu hayaoni mbali, na usiku ndiyo kabisa. Mahakama zetu, shahidi akisema amemtambua mtu gizani, huuliza mwanga ulitoka wapi, umbali ulikuwa kiasi gani, ulimtazama kwa muda gani, ulimjua kabla au ndiyo mara ya kwanza. Ndiyo haki, mtu asifungwe kwa kubahatisha. Basi usiseme uliona kama ulisikia. Sema ulisikia. Sauti ya mtu uliyeishi naye mtaa mmoja, kikohozi chake, namna anavyokuita jina, hayo yaeleze kama yalivyo. Ushahidi mdogo ulionyooka husimama pale ambapo mkubwa uliopambwa huanguka, na nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama nikisubiri kuitwa, nikayaona yote mawili.

Kesi ikishaenda, kamera zitarudi. Uliza wewe kwanza, kabla hujaulizwa. Picha itatumika wapi? Kwa muda gani? Nikibadili mawazo nimpigie nani? Mtaa wangu utatajwa? Anayekujali atajibu bila kukasirika, na asiyejibu umeshamjua. Kumbuka kuwa picha ya nyumba yako na mkorosho ulio mbele yake inatosha kumwongoza mtu mpaka kitandani kwako. Kwa watoto mimi ni mkali kabisa: mtoto mwenye ualbino asirushwe kwenye makundi ya WhatsApp sura wazi na jina la kijiji limeandikwa chini, hata kama anayerusha ni shangazi yake anayempenda. Nimewaomba walimu wenzangu hilo mara nyingi, na naomba tena.

Sasa jukwaa lenyewe. Kulikuwa na mkutano wa kijiji katika wilaya ya Masasi, chini ya mwembe, mgeni rasmi akaniomba niwaonyeshe watu mkono. Kabla sijajibu, bibi mmoja alinyanyuka akasema, "Mwanangu, acha, tumeshaamini. Mimi ninaye mjukuu kama wewe. Yuko darasa la tatu, mwalimu anasema hajui kusoma. Niambie la kumfanyia." Mkutano uligeuka pale pale. Tulizungumza muda mrefu juu ya macho: kwamba ualbino huja na uoni hafifu na mboni zinazochezacheza, kwamba mtoto yule si mzito wa kichwa bali haoni ubao. Akae mbele. Asikae akitazamana na dirisha lenye mwanga mkali. Aruhusiwe kunyanyuka na kusogea mpaka ubaoni bila kuchekwa, na mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, ila shule lazima itoe taarifa mapema, na shule nyingi hazitoi mpaka mzazi aulize. Mwalimu mkuu alikuwepo, akaandika. Kama ningekunja mkono wa gauni, watu wangelia, wangenichangia nauli, wangerudi majumbani, na mtoto yule angebaki nyuma ya darasa.

Tangu hapo nikiitwa kuzungumza naenda na mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kesho yake. Nakushauri hivyo hivyo. Watu wa kwetu si wagumu wa moyo, ila wakishahuzunika huona wajibu wao umekwisha.

Utaambiwa, kama ninavyoambiwa mimi kila mahali kuanzia Mtama hadi Nanyumbu, kwamba mambo haya ni ya Kanda ya Ziwa, huku kusini hatuna. Kuna ukweli ndani yake. Mauaji mengi yalitokea Mwanza, Shinyanga, Geita, Simiyu, Kagera. Na sisi tuna la kujivunia: mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni Tanzania kwa kura za wananchi. Miaka miwili kabla yake Rais Kikwete alikuwa amemteua Al-Shaymaa Kwegyir, naye mwenye ualbino, kuwa mbunge, na mwaka 2015 mwenzetu mwingine, Dk. Abdallah Possi, akateuliwa naibu waziri, lakini Lindi ilipanga foleni juani ikachagua. Litaje hilo kila unapopewa nafasi. Wazee huinua vichwa wakilisikia, na mtu aliyeinua kichwa anasikiliza vizuri zaidi kuliko aliyetukanwa.

Usiishie hapo, lakini. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, na Malawi pia, mashambulio yalianza kusikika sana kuanzia mwaka 2014, na mto ule unavukwa kwa mtumbwi. Tena kuna ukatili ambao hauji na panga. Mwanamke anatema mate kifuani mwake akipishana na mimi sokoni, ili mimba yake isipate "mkosi". Muuza duka ananiwekea chenji mezani badala ya mkononi. Watu wazima, wenye vyeti, wananiuliza kama ni kweli kwamba sisi hatufi bali tunapotea. Wanaume wanaamini kulala na binti mwenye ualbino kunaponya UKIMWI, na binti anaibeba imani hiyo mwilini mwake, kimyakimya, kwa sababu nyumbani wanasema angalau amepata mtu. Anayenunua kiungo cha mtu huanza kwa kuamini kuwa huyo si mtu hasa. Hiyo imani iko Lindi na iko Mtwara, na kazi yetu iko hapo.

Kuna mfano ninaoutumia mikutanoni, nawe uchukue ukipenda. Mwisho wa Januari 2016, katika jiji la Bengaluru nchini India, mwanafunzi wa kike wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu na gari alilopanda likachomwa moto. Kosa lake? Mwanafunzi mwingine Mwafrika, raia wa Sudan, alikuwa amemgonga na kumuua mwanamke mmoja mahali pale pale muda mfupi kabla. Binti yule hakumjua. Alikuwa mweusi, ikatosha. Nawaeleza watu kisa hicho, nawaacha wakasirike, na hukasirika kweli, vijana hasa. Kisha nauliza: kilichowaudhi ni nini? Hujibu wenyewe kwamba amehukumiwa kwa rangi. Hapo ndipo naisoma Katiba yetu, ibara ya 13, inayopiga marufuku kumbagua mtu, na ambayo inataja rangi sambamba na kabila, dini na jinsia. Rangi haikuandikwa pale kwa ajili ya weusi wakiwa kwa wazungu au Wahindi peke yake. Na mimi nina rangi. Mwaka 2025, mwezi wa Februari, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba nchi yetu ilikiuka haki za watu wenye ualbino kwa kutowalinda inavyostahili. Sheria ipo upande wetu. Iseme bila kupiga kelele.

Ukiingia vijijini, jua nani wa kuzungumza naye. Semina nyingi huita baba na mama wa mtoto, wanapewa soda na posho, wanarudi. Kwetu, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo umepita kwa mama tangu zamani, na mjomba ana sauti. Mama akijifungua mtoto mwenye ualbino na mume akaanza kusema mtoto si wake, eti mama amelala na mzungu au amechezewa na jini, mtu wa kumtafuta haraka ni mjomba wa yule mama. Mweleze kwa utulivu: ualbino hutokea pale ambapo baba na mama wote wawili wamebeba chembe ya urithi ya hali hiyo, hata kama wao wenyewe ni weusi tii, na katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Nusu imetoka kwa baba. Nimeona mjomba akilibeba neno hilo hadi kwa wakwe na ndoa ikapona. Nimeona pia ambapo haikupona, mama akarudi kwao na mtoto mgongoni, na hapo mjomba alitoa shamba.

Wengine wa kuzungumza nao ni makungwi na manyakanga, walimu wa unyago. Nimechezwa unyago Newala, najua yanayofundishwa pale hukaa kichwani kuliko ninachofundisha mimi darasani. Usiende kuwakosoa. Nenda mapema, kabla msimu haujaanza, ukae mkekani, uombe. Kungwi akiamua kuwaambia wali, wasichana wanaochezwa, kwamba binti mwenye ualbino ni mwanamke kama wao, anapata hedhi, anazaa, anakufa, na kwamba mwanaume anayetaka "kujitibu" kwake ni mbakaji, amemaliza kazi ambayo mabango ya barabarani hayaiwezi. Waganga wa tiba asili waliosajiliwa nao usiwakwepe. Sheria inayowatambua ni ya mwaka 2002, na wapiga ramli waliopigwa marufuku na serikali Januari 2015 wamewaharibia jina wao kwanza. Wengi wanataka kusema hivyo hadharani, hakuna aliyewauliza.

Msimu wa korosho, omba dakika kumi kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Pale kila mtu yupo, kwa sababu bei ya mnada inatajwa. Na huo ndio msimu ambao fedha zinaingia mikononi na watu wabaya wanapita wakiahidi utajiri. Huo pia ndio msimu wa watoto wetu kuungua. Mtoto mwenye ualbino anaweza kuokota korosho chini ya kivuli cha mkorosho asubuhi, akiwa na mikono mirefu na kofia pana, lakini asiachwe akilinda korosho zilizoanikwa mchana kutwa. Saratani ya ngozi imezika wengi wetu kuliko mapanga. Hiyo haiandikwi magazetini kwa herufi kubwa.

Na wewe mwenyewe, mtetezi, utafia juani kama hujajihadhari. Mikutano ya hadhara hupangwa saa sita, viti vya kivulini wamekaa viongozi, mwenye ualbino anasimama uwanjani kuzungumzia haki ya kulindwa. Kataa kwa heshima. Sema nitazungumza saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, au mnipe turubai. Paka losheni ya kujikinga na jua masikioni na shingoni pia, si usoni tu. Iko inayotengenezwa hapa hapa nchini, mkoani Kilimanjaro, kwa ajili ya ngozi zetu, inaitwa Kilisun. Muulize daktari wa ngozi wa hospitali ya mkoa jinsi ya kuipata. Ngozi ichunguzwe mara kwa mara, na kidonda kisichopona ndani ya mwezi usikipake dawa za kienyeji ukasubiri.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Usiache kazi yako. Kama unauza samaki, endelea kuuza. Kama una ekari mbili za mikorosho, zipalilie. Mtetezi anayekula kwa posho huanza, bila kujua, kusema yale yanayomfurahisha mwenye posho, na mwenye posho mara nyingi anataka kovu. Mimi nilibaki na chaki yangu. Imeninyima safari kadhaa za Dodoma na Dar es Salaam, sijutii, maana imenipa uwezo wa kusema hapana kwenye simu na kuikata.

Usisafiri peke yako, na si kwa ajili ya usalama tu. Baada ya kuzungumza, usiku, mambo hurudi. Utasikia mlango ambao haukugongwa. Uwe na mtu mmoja wa kuamka naye, dada, mume, rafiki, anayejua asikuulize kitu bali akuwashie taa na kukaa. Kama usingizi haurudi kwa wiki nyingi, hospitali za mikoa zina watu wa afya ya akili. Maombi na dua ziendelee, na daktari aonwe pia.

Mwisho kuna jambo ambalo halisemwi na mtu yeyote anayekuita shujaa: unaweza kuacha. Mwenzangu mmoja, aliyenusurika kabla yangu, alizunguka na kipaza sauti kwa miaka, kisha siku moja akasema imetosha. Watu walimlaumu, wakasema amewatupa wenzake. Alikuwa ameshatoa ushahidi mahakamani, ameshalea watoto, ameshafundisha wasichana wawili kusimama mbele ya watu. Sasa anashona nguo. Wakija kumwomba asimulie, huwapa kiti na maji, na huuliza kama wameleta kitambaa.